Farasi Aliyezikwa Kingaru: Kwa Nini Matajiri Hununua Ahadi kwa Bei Kubwa

Wiki mbili zilizopita, katika semina ya historia ya uchumi wa pwani, niliwasimulia wanafunzi wangu kisa cha farasi wawili waliotoka Bagamoyo mwezi Machi mwaka 1871 na wasifike mbali. Nilidhani kisa hicho kitatupeleka moja kwa moja kwenye mada ya siku ile, yaani gharama za misafara ya bara. Badala yake mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akaniuliza: “Mwalimu, mbona hata leo matajiri wanatoa mamilioni ya dola kununua mwanafarasi ambaye hajakimbia hata mara moja? Wana wazimu, au sisi ndio hatuelewi?”

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikamwambia nitamjibu juma litakalofuata. Juma lilifika na jibu halikuwa tayari, kwa sababu kila nilipojaribu kuliandika nilijikuta narudi kwenye mambo yaliyo karibu nasi zaidi: mapagazi, pembe za ndovu, na shamba la minazi la mjomba wangu huko Zinga. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na naliweka hapa kwa kuwa naamini swali lake si la farasi peke yao.

Tuanze na farasi wenyewe. Mwaka 1983, katika mnada wa Keeneland, jimbo la Kentucky nchini Marekani, mwanafarasi wa mwaka mmoja aliuzwa kwa dola milioni 10.2. Waliomgombea walikuwa pande mbili: upande mmoja Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum wa Dubai, upande wa pili Mwingereza Robert Sangster na washirika wake. Sheikh alishinda. Mnyama huyo akapewa jina la Snaafi Dancer, akapelekwa Uingereza kufunzwa, na ikabainika kwamba hana mbio. Hakushindanishwa hata siku moja. Alipofanywa dume la mbegu ikaonekana kuwa uzazi wake ni hafifu, akaacha watoto wanne tu. Mwaka 2006 mwingine, The Green Monkey, aliuzwa Florida kwa dola milioni 16 baada ya kukimbia umbali mfupi wa majaribio kwa kasi iliyowashangaza watazamaji. Alishindana mara tatu, hakushinda hata mara moja, na zawadi zake zote zilikuwa dola 10,440.

Kinyume chake, Seattle Slew alinunuliwa mwaka 1975 kwa dola 17,500, na mwaka 1977 akashinda mashindano yote matatu makubwa ya Marekani kwa farasi wa umri wake. Northern Dancer, babu wa farasi wengi mashuhuri wa leo, alipokuwa na mwaka mmoja alitangazwa kuuzwa kwa dola 25,000 na hakupata mnunuzi. Mwaka 1964 akashinda Kentucky Derby. Kwa hiyo bei ya mnadani haitabiri ushindi kwa uhakika, na wanunuzi wanalijua hilo kuliko sisi.

Basi kwa nini wanalipa? Sababu ya kwanza ni mbegu. Fedha kubwa katika biashara hii haitoki kwenye uwanja wa mashindano, bali kwenye zizi la uzazi. Farasi wa mbio wa aina hiyo hawaruhusiwi kuzalishwa kwa kupandikiza. Ni lazima dume ampande jike. Dume maarufu wa siku zetu hupandishwa majike zaidi ya 100 katika msimu mmoja. Akitozwa dola 100,000 kwa kila jike, msimu mmoja unaingiza dola milioni 10, na msimu ujao vilevile. Katika miaka ya 1980, ada ya Northern Dancer kwa jike mmoja ilifika dola milioni moja. Snaafi Dancer alikuwa mwanawe. Aliyemnunua alikuwa akinunua nasaba pamoja na nafasi ya kuwa mwenye zizi ambalo wengine watalipigia foleni kwa miaka 20.

Sababu ya pili ni kwamba mnunuzi wa namna hii hanunui farasi mmoja. Hununua makumi kila mwaka. Tisa wakiwa hasara na wa kumi akawa dume mashuhuri, hesabu inaweza kurudi. Kwa mtu anayetazama mnada mmoja, dola milioni 10 kwa mnyama asiyekimbia ni kichekesho. Kwa mwenye vitabu vya hesabu vya miaka 30, ni mstari mmoja tu katika ukurasa.

Sababu ya tatu ni ya zamani kuliko fedha, nayo ni heshima. Wawili wanapogombania kitu kimoja mbele ya watu, kila nyongeza ya bei inasema jambo juu ya mtoaji. Ukishakuwa na mali isiyohesabika, mnada ni moja ya mahali pachache ambapo mali hiyo yaweza kuonekana na kupimwa na wanaolingana nawe. Anayeacha kunyanyua mkono kwanza amekubali mbele ya mashahidi kuwa yeye ni wa pili.

Hayo matatu yanamjibu mwanafunzi wangu kwa ufupi. Hawana wazimu. Lakini jibu hilo halinitoshelezi mimi, kwa sababu halisemi lolote juu ya watu wengine waliomo katika hesabu: mtunza zizi, mchunga majani, jirani wa shamba. Kwa hilo inafaa tuje nyumbani, kwenye pwani ambako farasi alikuwa ahadi tupu kuliko karibu mahali pengine popote duniani.

Pwani yetu haikuwa nchi ya farasi. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umezifunga njia za bara kwa farasi, na kwa kiasi kikubwa kwa ng'ombe na punda pia. Mwaka 1895 David Bruce alionyesha huko Zululand kwamba ugonjwa huo unatokana na kijidudu kinachoishi katika damu, lakini wenyeji na wasafiri walikuwa wakiyajua matokeo yake zamani. Ndiyo maana mashindano ya farasi yalipokuja kushika mizizi Afrika Mashariki yalishika Nairobi, kwenye nyanda za juu za baridi, ambako uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954. Hayakushika Bagamoyo wala Saadani. Hata hivyo, farasi wamejaa katika fasihi yetu ya kale. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, uliotungwa Pate, unasimulia vita vya wapanda farasi kwa wasikilizaji ambao wengi wao huenda hawakuwahi kumgusa mnyama huyo. Alikaa katika fikra za Waswahili kama mnyama wa mashujaa na wafalme, si kama mnyama wa kazi.

Aliyemleta kwa wingi zaidi alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Farasi na punda wakubwa weupe wa Maskati walivushwa bahari kwa majahazi, wakalishwa na kutunzwa na watumwa, katika kisiwa ambacho mtu anaweza kukivuka kwa miguu kwa siku moja. Kwa hesabu ya safari hawakuwa na faida ya kutaja. Faida yao ilikuwa kwingine.

Mwaka 1840 merikebu ya Sultani iitwayo Sultana ilitia nanga New York, chini ya wakala wake Ahmad bin Naaman. Ilibeba bidhaa za kuuza, na pamoja nazo zawadi kwa Rais Martin Van Buren, zikiwemo lulu, zulia, mafuta ya waridi na farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haikumruhusu Rais kujichukulia zawadi za mfalme wa kigeni, hivyo Bunge likaidhinisha zipokelewe kwa niaba ya serikali, na farasi wakauzwa. Ukitazama juu juu utasema Seyyid Said alitupa farasi wake. Lakini serikali ya Marekani iliifanyia Sultana matengenezo makubwa katika karakana yake ya jeshi la majini, kwa gharama yake yenyewe, na mkataba wa biashara uliosainiwa na Wamarekani mwaka 1833 ukapata nguvu mpya. Farasi wale walimfanyia Sultani kazi bila kukimbia hata hatua moja. Walikuwa barua ya utambulisho yenye miguu minne.

Hapa tunaiona ahadi ikilipa. Sasa tuvuke mlango wa bahari tuje Bagamoyo, tuione ikishindwa.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa Bagamoyo akitayarisha msafara wa kumtafuta David Livingstone. Pamoja na punda, vitambaa, shanga na nyaya, alikuwa na farasi wawili: mmoja zawadi ya Sultani Barghash, mwingine zawadi ya mfanyabiashara Mmarekani wa Unguja. Aliondoka mjini tarehe 21 Machi, akavuka Kingani, yaani Ruvu, na siku chache baadaye akafika kijiji cha Kingaru. Huko farasi mmoja alikufa usiku. Stanley akampasua, akaona minyoo tumboni, akahukumu kuwa minyoo ndiyo iliyomuua. Kabla ya siku nyingine kupita, wa pili naye akafa.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Farasi alizikwa kando ya kambi, na mzee wa kijiji akaja kudai malipo: kwa nini mgeni amezika mnyama wake katika ardhi ya watu bila kuomba ruhusa? Alitaka doti mbili za merikani. Stanley anakisimulia kisa hicho kama kichekesho, akijisifu jinsi alivyomzidi mzee kwa maneno, mpaka kumwambia kwamba yuko tayari kumfukua farasi na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokuwa. Harufu ya mzoga katika joto la masika si jambo ambalo mzee yeyote angelipenda katika kijiji chake. Dai likaondolewa.

Kwa miaka mingi nimekifundisha kisa hicho kama mfano wa kiburi cha msafiri. Siku hizi nakisoma kwa namna nyingine. Mzee wa Kingaru aliuliza swali la haki kabisa la uchumi: ahadi yako imekufia kwangu, nani analipa gharama ya kuizika? Stanley hakuwa na wasiwasi. Nyuma yake kulikuwa na mwenye gazeti aliyekuwa tayari kulipa gharama za safari, na farasi wote wawili alipewa bure. Mzee alikuwa na ardhi yake tu, na ndani yake sasa mlikuwa na mzoga.

Mwaka 1879 jambo lilo hilo lilirudiwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kupitia chama chake cha kimataifa cha Afrika, alilipia kuletwa kwa tembo wanne waliofunzwa kutoka India. Waliteremshwa Msasani, ambayo leo ni mtaa wa Dar es Salaam wenye nyumba za kifahari, wakaanza safari ya bara chini ya Frederick Carter. Wazo lilikuwa kwamba tembo hatadhuriwa na mbung'o, na mzigo wake mmoja utachukua nafasi ya mapagazi wengi. Tembo wa kwanza alikufa Mpwapwa. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, naye hakukaa sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 alipokuwa akirudi pwani. Leopold hakufilisika. Miaka mitano baadaye, katika mkutano wa Berlin, alikuwa akitambuliwa kuwa bwana wa Kongo. Kwake tembo wanne walikuwa kama Snaafi Dancer kwa Sheikh: dau moja kati ya mengi.

Na wakati wanyama hao wa bei kubwa wakifa njiani, nani aliyekuwa akibeba mizigo? Pagazi. Mnyamwezi, Msukuma, Mzaramo au Mwungwana wa pwani, mwenye mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji na kurudi. Yeye hakuwa ahadi. Alikuwa kazi iliyojulikana na iliyofanyika. Hakupigiwa mnada wa heshima, na hakuna mfalme aliyempeleka London kama zawadi. Hapo naona kanuni inayojirudia katika historia ya bei: kazi iliyothibitishwa hupata malipo ya soko, lakini kitu ambacho bado hakijathibitishwa chaweza kupata malipo ya ndoto. Pagazi aliyekwisha kufika Ujiji mara tatu alijulikana uwezo wake na mipaka yake. Farasi ambaye hajakimbia hana mpaka machoni pa anayemtamani.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Bagamoyo yenyewe haikuishi kwa biashara ya ahadi. Msafara mzima wa pembe ulikuwa ahadi. Mfanyabiashara wa Unguja au Bagamoyo alitoa vitambaa, shanga na bunduki kwa mkopo, naye kiongozi wa msafara akaahidi kurudi na pembe baada ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Tarya Topan ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alijenga utajiri wake kwa kuwapatia wasafiri bidhaa na mapagazi, na sehemu ya utajiri huo akaitoa kwa shule na hospitali. Jina lake lingali kwenye jengo moja la Muhimbili. Wakopeshaji hawa walikuwa werevu kwa njia ileile ya wanunuzi wa farasi. Hawakuweka mali yao yote katika msafara mmoja. Mmoja ukipotea Ugogo, mwingine ulikuwa ukirudi kutoka Manyema.

Lakini pembe moja iliyofika Bagamoyo ilikuwa na watu nyuma yake. Msafara ulioshindwa ulimpunguzia mkopeshaji faida. Kwa pagazi aliyeugua ndui njiani, au mateka aliyekamatwa ili deni lilipike, kushindwa hakukuwa mstari katika ukurasa. Kulikuwa ndio ukurasa wote.

Mwaka 1888, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani, miongoni mwa mambo yaliyowakasirisha watu ni agizo kwamba wenye ardhi waithibitishe na kuiandikisha. Watu wa Pangani, Saadani na Bagamoyo walielewa haraka maana yake: ardhi iliyokuwa shamba itageuzwa karatasi, na karatasi hubadili mikono kwa wepesi kuliko shamba. Waliosimama na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani walikuwa na sababu nyingi na tofauti, na si zote za kusifiwa, lakini hiyo ilikuwa mojawapo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1891 makao ya serikali ya Wajerumani yakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina, na Bagamoyo yenye maji mafupi ikaanza kusinyaa.

Ahadi ikarudi miaka 122 baadaye. Mwezi Machi mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru Dar es Salaam, ulisainiwa mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa Bagamoyo, upande wa Mbegani na Mlingotini, pamoja na eneo maalumu la kiuchumi. Kampuni ya China Merchants ilikuwa mbele. Mfuko wa akiba wa serikali ya Omani ukajiunga baadaye. Fedha iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Mwezi Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Kisha mradi ukasimama. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba masharti yake, likiwemo la kukodisha kwa miaka 99 na dhamana ya miaka 33, yangekubaliwa na mwendawazimu tu. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo. Sikusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nataka kueleza jambo lililotokea pembeni, mbali na meza za mazungumzo.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na shamba upande wa Zinga: minazi, mikorosho michache, na kipande cha mihogo. Katika miaka ile ya tangazo la bandari, madalali walianza kuja kwa pikipiki, wakati mwingine watatu kwa siku moja. Kila mmoja alikuwa na mteja “mkubwa” asiyetajwa jina. Bei ilipanda kila mwezi, na kila aliyeuza aliuma kidole mwezi uliofuata kwa kuwa jirani amepata zaidi. Hatimaye mjomba aliuza theluthi mbili za shamba kwa mtu aliyekuja mara moja, akiwa na miwani ya jua, akatembea hatua 20 hivi ndani ya shamba na kurudi garini. Fedha ile ilimjengea mjomba nyumba ya vyumba vitatu, ikamlipia mwanawe mwaka mmoja wa chuo, ikaisha.

Mnunuzi hakurudi. Shamba limeota vichaka. Nazi zinaanguka na kuoza, kwa sababu mlinzi aliyewekwa haruhusu mtu kuokota. Mjomba sasa analima mihogo kwa kukodi kipande cha jirani, na akitaka kufika huko hulizunguka lile lililokuwa lake. Siku moja nilimuuliza kama anajuta. Alikaa kimya, kisha akasema: “Yule hakununua minazi yangu, mwanangu. Alinunua meli. Meli hazijaja, na minazi sina.”

Sijapata kusikia somo la uchumi lililo wazi kuliko hilo. Mnunuzi wa shamba la mjomba alikuwa na akili timamu kama Sheikh wa Dubai. Huenda ana viwanja Kigamboni, Kibaha na Chalinze. Kimoja kikipata barabara au reli, vingine vyaweza kusubiri vichakani miaka 30 bila yeye kukosa chakula cha jioni. Anaweza kulipa bei ya ahadi kwa sababu ahadi ikifa hatalala njaa. Mjomba naye hakudanganywa kuhusu bei. Alipewa fedha nyingi kuliko minazi ile ingemletea kwa miaka mingi. Kosa halikuwa katika bei. Tofauti ilikuwa katika idadi ya vitu walivyonavyo. Mmoja alikuwa na ahadi 50 na mwingine alikuwa na shamba moja.

Mwanafunzi wangu mwerevu atanipinga, na afanye hivyo. Atasema: je, ulitaka mjomba akatazwe kuuza? Hapana. Babu zetu walipinga kuamuliwa juu ya ardhi yao na Kampuni. Sitaki kuamuliwa huko kurudi kwa jina la huruma. Atasema pia kwamba bila watu wanaothubutu kununua yasiyothibitishwa, hakuna bandari, hakuna reli, wala hakuna Northern Dancer. Ni kweli. Jamii isiyo na watu wa kubahatisha husimama mahali pamoja. Lakini kuthubutu kwa mali ambayo ukiipoteza hutaikumbuka ni jambo moja. Kumfanya jirani athubutu kwa mali yake ya pekee, bila yeye kujua kwamba yumo katika mchezo, ni jambo jingine.

Ndiyo maana nawageukia wasomaji wangu walioko katika utumishi wa umma, hasa halmashauri na ofisi za ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inazungumza juu ya fidia kamili, ya haki na ya haraka pale serikali inapotwaa ardhi ya mtu. Neno “haraka” lina uzito kuliko tunavyolipa. Mwananchi aliyeambiwa asipande mkorosho mpya kwa kuwa eneo limetengwa kwa mradi, kisha akasubiri, amekwisha kuikopesha serikali miaka ya maisha yake, na mkopo huo haumo katika bajeti yoyote. Wazee walisema ahadi ni deni. Katika ofisi zetu mara nyingi ahadi huandikwa upande wa mali, na deni huachwa kijijini.

Kwa wanaharakati nina ombi moja. Tunapopinga miradi mikubwa huwa tunauliza zaidi nani atapata faida. Tujizoeze kuuliza pia, mapema, nani atabeba mzoga mradi ukifa. Swali hilo ni gumu kulikwepa, kwa kuwa halihitaji kuthibitisha ubaya wa mtu yeyote. Mwekezaji mwema na mradi mzuri nao hufa.

Na kwa mwanafunzi aliyeketi nyuma: matajiri hununua wanafarasi kwa mamilioni kwa sababu mbegu inaweza kulipa, kwa sababu wana wengine zizini, na kwa sababu wanatazamana. Ukitaka kujua kama bei ni ya wazimu, usimtazame farasi. Tazama ni nani mwingine ambaye maisha yake yamefungwa kwenye miguu ya farasi huyo, na kama aliulizwa. Mzee wa Kingaru alijaribu kuuliza mwaka 1871. Alidai doti mbili tu za merikani, na hakulipwa.